Bundi Asiyepepesa Macho

Mamangu alitoka Mombasa akaja kwetu Katy, huku Marekani, kumpokea mjukuu wake wa kwanza. Mke wangu alikuwa amebakisha wiki tatu, na sisi wawili hata kumkogesha mtoto mchanga hatukujua. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, mama alipoingia kutoka uani akasema Jumatatu anarudi kwao, moyo ulinipiga paa!

"Kuna bundi," akasema. "Ananitumbulia macho mimi. Hapa pana uchuro, baba. Nibadilishie tikiti."

Nikachukua darubini. Nilikuwa nimeinunua mwezi ule, niangalie ndege wanaohamia kusini baridi ikikaribia, maana wenzangu kazini kila mmoja alikuwa na la kujisifia Jumatatu ila mimi. Kweli, bundi! Juu ya banda la jirani, nyuma ya uzio, mchana kweupe, kifua mbele kama askari wa gwaride.

"Mama akiondoka," mke wangu akaninong'oneza, "na wewe tafuta pa kwenda."

Basi nikajifanya mtaalamu. Nikasema bundi hupenda uchafu, tukifagia majani ataondoka mwenyewe. Uongo mtupu. Nikashika reki, mama akaketi kitini na chetezo cha ubani, akimfukizia bundi na kunisimamia mimi.

"We! Hapa hafi mtu!" akamfokea. Kisha kwangu, "Na wewe, pale umeruka. Babako alifagia hivyo hivyo, nusunusu."

Akanisimulia jinsi baba alivyokuja kuposa na viatu vya kuazima, kimoja kikamvuka mlangoni. Tukacheka hadi reki ikanianguka. Majani nayo yakazidi kupukutika, mashenzi yale.

Alasiri nikamwondoa mke wangu kwenye simu ili kompyuta ipate laini, maana enzi zile mtandao ulipita waya uleule wa simu. Mtandao ulipokubali, baada ya kelele zake zote, nikasoma habari za bundi mpaka chai ikapoa. Nikawaandikia wapenda ndege wa baraza moja la mtandaoni: bundi wangu tangu asubuhi hajapepesa macho, hajageuza shingo, moshi wa ubani haumbabaishi. Labda ni aina mpya! Nikaanza kuwaza jina langu vitabuni.

Jumapili nikakuta jibu moja: "Una hakika yu hai?"

Nilikasirika, acha! Nikamjibu kwamba kwetu ndege tunawajua tangu utotoni, asinifundishe. Nikarudi uani kwa mama na reki.

Mchana jirani, mzee wa Kimarekani, akarudi kutoka safari. Akapanda ngazi, akamkaba bundi shingo, akamgonga ukutani ko! ko! ko! kumkung'uta vumbi, akamwosha kwa mpira wa maji. Plastiki. Alimweka kuwatisha ndege weusi wanaochafua gari lake. Akanipungia mkono, bundi kwapani.

Nikageuka kwa mama, aibu imenijaa, lakini furaha nayo. "Umeona? Hakuna uchuro. Hakuna haja ya kurudi!"

Mama hakushtuka. Alikuwa anajifunga leso yake.

"Nilijua tangu jana adhuhuri," akasema. "Ndege gani huyo, asubuhi nzima asiyekunya?"

"Sasa mbona hukuniambia? Siku mbili nafagia!"

Akanitazama. "Mwezi mzima niko hapa, baba. Ukitoka kazini, mashine. Mkeo, simu. Nikasema bora nirudi nikazungumze na majirani zangu. Halafu yule bundi akakuweka uani na mimi siku mbili. Ningekwambia, si ungerudi kwa mashine yako?"

Nikainama nikaokota majani, moja moja, kama mjinga.

"Na tikiti?" nikauliza mwishowe.

"Tikiti iache." Akasogeza kiti kingine karibu na chake. "Lakini kamwombe jirani amrudishe bundi pale juu."

Nikaenda kumwomba.