Komoni ya Jumamosi Kuu

Ukimwuliza mtu yeyote Ifakara nani anaijua komoni, pombe yetu ya kienyeji, atakuelekeza kwa Agnella. Si mlevi, usije ukamkosea adabu. Agnella ni mwonjaji. Familia ikiwa na harusi au ubatizo, humtuma azunguke kwa wapishi wa pombe, aonje, alinganishe, achague. Ya Brigitha wa Mang'ula atakwambia ni tamu mno, ya kuwapa watoto. Ya mke wa Barnaba inachangamsha vizuri, ila maji huyazidisha. Akisema hii ndiyo, basi ndiyo. Hata Kwaresima haimzuii. "Kuonja si kunywa," husema, na paroko hajawahi kumpinga, labda kwa sababu hajawahi kuulizwa.

Jumamosi Kuu mwaka huu, siku moja kabla ya Pasaka, alifika kijijini Kisawasawa kwa Tekla, kutafuta pombe ya ubatizo wa mjukuu wa kaka yake. Alikwenda shingo upande. Mwaka jana aliipita komoni ya Tekla akachagua ya Brigitha, tena akatamka mbele za watu kwamba ya Tekla imelala, haina nguvu. Maneno gani hayo ya kumwambia mpishi! Tangu siku hiyo salamu zao zilikuwa za midomoni tu. Lakini wapishi wengine walikuwa wameshauza zote, na sherehe ilikuwa kesho.

Sasa, kwa wapishi hawa kuna utaratibu. Mwenye pombe huchota kwa kata na kunywa kwanza, mgeni akimwangalia, ndipo humpa. Kila mtu anajua maana yake: sikukuwekea kitu.

Tekla akachota. Akainua kata mdomoni, akaishusha, akamkabidhi mgeni wake. Agnella ameangalia makoo ya wapishi kwa miaka ishirini, na koo la Tekla halikucheza. Kata ilikuja imejaa vilevile.

Si angesema tu! "Mama Jenifer, mbona hujanywa?" Basi, yangekwisha hapo. Lakini kumrudishia mpishi kata ni sawa na kumwita mchawi nyumbani kwake, na baada ya yale ya mwaka jana Agnella aliona aibu. Akanywa. Wala hakuonja funda moja kama kawaida yake. Aliimaliza kata nzima, ili Tekla asije akadhani anaogopa.

Mwanzo ilikuja vizuri, uchachu safi, kimea cha ulezi kikisikika. Halafu nyuma ya ulimi ukaingia uchungu ambao hajawahi kuukuta kwenye komoni ya mtu yeyote.

"Vipi, dada Agnella?" Tekla aliuliza, macho yakiwa pembeni.

"Nzuri. Nitampigia kaka."

Akaondoka bila hata kukaa. Hatua kama hamsini hivi, moyo ukaanza kumwenda mbio. Ule uchungu haukuondoka. Alitema mate, akatema tena. Kwa nini Tekla hakunywa? Kwa nini aliangalia pembeni? Mikono ikamlowa jasho, na akajiona kabisa amelazwa sebuleni kwa kaka yake, nguo za ubatizo zimetundikwa ukutani na watu wanalia. Jamani, kifo cha kujitakia, kwa ajili ya aibu! Alipofika barabarani kwa Lukelo, kijana wa bodaboda, hata shikamoo yake hakuiitikia.

"Nipeleke zahanati. Tekla kaniwekea sumu."

Likishatoka hilo halirudi. Lukelo alimbeba mbio, lakini kwanza aliwapigia kelele wenzake kijiweni, na wale hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Huko zahanati, muuguzi Leticia alimpima, akamwambia presha imepanda, macho yake yako sawa, tumbo halina shida, atulie waendelee kumwangalia. Atulie vipi? Agnella aliogopa kufumba macho asije akashindwa kuyafumbua. Kila tumbo liliponguruma alimshika Leticia mkono.

Kisha zikasikika kelele uani. Tekla alikuwa anakuja, ndoo kichwani, kata mkononi, na nyuma yake vijana wa kijiweni na watu wengine wengi, mmoja ameshika fimbo. Kanga yake ilikuwa imechanika begani. Agnella alipomwona usoni akajua kwamba Tekla anaogopa kumpita yeye.

Tekla hakusalimu. Aliitua ndoo mlangoni, mbele ya wote, akachota. Safari hii koo lilicheza. Kata ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikamkwama katikati, akakunja uso.

"Imeungua," alisema taratibu. "Unga umeungulia kikaangoni. Mungu wangu, nimepika pombe iliyoungua na sikujua."

Mtu mmoja uani akacheka, wakacheka wote, na yule wa fimbo akaitupa kando kana kwamba hakuja nayo. Wakatawanyika. Agnella akahisi pumzi inamrudia kifuani, na pumzi ilipotulia ikaja hasira.

"Sasa kule nyumbani kwa nini hukunywa? Umenitoa roho, Mama Jenifer!"

Tekla alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Mwanangu Jenifer yuko mwezi wa tisa," alisema. "Mimba mbili zimeshatoka, unajua. Jumatano ya Majivu nilimwambia Mungu sitaigusa pombe mpaka kengele za mkesha wa Pasaka zilie, anibakizie huyu. Hata ya kupika sikuonja. Nadhiri ningeitangazaje? Nikagusisha mdomo tu."

Agnella aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mkesha ni saa mbili usiku.

"Walisema watachoma nyumba," Tekla akaendelea. "Nikaogopa. Zilibaki saa tano, dada Agnella. Siku zote zile, nikashindwa saa tano."

Agnella alishuka kitandani, akakaa sakafuni karibu naye. Alitaka kusema Mungu anaelewa. Alitaka kusema kosa ni langu, anihesabie mimi. Hofu aliyodhani imekwisha ilikuwa imerudi, na sasa haikuwa ya roho yake mwenyewe.

"Nadhiri yangu itahesabika?" Tekla aliuliza. "Wewe niambie. Itahesabika?"

Simu ikaanza kuita ndani ya kanga ya Tekla. Tekla akaitoa. Ilikuwa namba ya mume wa Jenifer. Waliiangalia wote wawili ikiita, ikakatika, ikaita tena, na hakuna aliyethubutu kuipokea.