Nilibeba kiberiti kwa daktari wa meno: implant mbili na mwanya wangu

Salaam kwenu wakuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa mara ya kwanza, na nitasema yale yaliyonipata tu, hata pale yanaponiaibisha.

Juzi kuna mkuu aliuliza kuhusu kuweka meno ya implant, yale ya kupandikizwa kwenye mfupa, hapa Kampala, akajibiwa na watu wa matangazo. Nikaona niseme mimi niliyewekewa. Ni mawili, ya mbele, juu.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Bukavu, naishi Nateete miaka mingi sasa. Nauza mashuka na mapazia ya mitumba katika soko la Owino. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea mtanivumilia.

Mume wangu aliitwa Bahati. Alikuwa fundi cherehani palepale Owino, kazi yake kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Hatukujaliwa mtoto. Tulikuwa wawili tu nyumbani, na hatukuona kuwa ni wachache.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo uzi huu hauna maana.

Nilizaliwa na mwanya. Mnajua kwetu mwanya ni urembo. Bahati aliponichumbia alichomoa njiti ya kiberiti, akaipitisha katikati ya meno yangu mbele ya dada yake, akasema, "Imepita! Huyu namuoa." Tangu siku hiyo hakuniita jina langu. Aliniita Mwanya. Kila alipotaka kunichokoza alitafuta kiberiti.

Figo zake zikafeli. Akalazwa.

Siku moja nilikuwa nampelekea supu, nimepanda boda, chupa ya supu nimeikumbatia kifuani. Tulipofika Nakivubo lori likarudi nyuma bila kuangalia. Dereva wa boda akafunga breki, tukaanguka, na mdomo wangu ukatua juu ya kifuniko cha chupa. Meno mawili yakakatika hapohapo.

Nilifika wodini na damu kwenye kitenge. Supu ilikuwa nzima.

Bahati alinitazama muda mrefu. Alikuwa hana nguvu hata ya kukaa. Kisha akasema, "Eh, Mwanya, sasa umefungua mulango muzima!"

Akacheka. Nami nikacheka na mdomo wangu wenye damu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akatuona kama wendawazimu.

Alifariki siku ya nne baada ya hapo. Huo ndio utani wake wa mwisho kwangu.

Wakati wa msiba nilifunika mdomo kwa mkono au kwa kitenge, saa zote. Watu walisema, "Maskini, anazuia kilio." Kumbe nilikuwa naficha pengo. Sikuwasahihisha. Kilio kilikuwepo pia, lakini mkono ule ulikuwa wa pengo, na nimekaa na aibu hiyo mpaka leo ninapoandika.

Miezi ikaenda. Sokoni nikawa naonyesha bei kwa vidole. Kanisani niliacha kwaya. Nyumbani hapakuwa na wa kuongea naye, kwa hiyo pengo halikunisumbua. Kuna siku nilifika jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sijasema neno hata moja. Nikasema "hodi" mlangoni kwangu mwenyewe ili nisikie sauti.

Jirani yangu sokoni ndiye aliyenielekeza kliniki. Pesa ilitoka kwenye cherehani ya marehemu. Niliiuza. Bei ya meno sitaitaja, kila mdomo una bei yake.

Habari ya kuuza cherehani ilimfikia wifi yangu Zawadi, dada yake Bahati, yuleyule aliyeshuhudia ile njiti. Alikuja mpaka kwenye meza yangu, akasema mbele ya wateja, "Kaka yangu hata nyasi haijaota kwenye kaburi, wewe unajirembesha meno. Unamchekea nani?"

Sikumjibu. Ningejibu ningelazimika kufungua mdomo.

Haya, sasa kliniki. Daktari ni mama wa makamo, Mganda, lakini baba yake alikuwa mwanajeshi na yeye alikulia kambini. Kwa hiyo Kiswahili anacho, cha kule kambini. Maneno yake ya kwanza: "Mama, fungua mudomo. Hapana ogopa. Mimi hapana kula mutu."

Kabla ya kuanza nilipewa fomu. Kuna sehemu inauliza mtu wako wa karibu na namba yake. Mkono wangu ukaandika Bahati, ukaandika na namba yake. Nilishamaliza ndipo nikaona nilichofanya. Nikakaa na kalamu. Wa kumweka badala yake sikumpata. Nikairudisha fomu vilevile.

Kwa wanaotaka kujua kazi yenyewe: kwanza alitoa mizizi iliyobaki, nikasubiri fizi ipone. Kisha eksirei. Kisha siku ya kuweka skrubu ndani ya mfupa. Sindano ya ganzi inauma, skrubu yenyewe haiumi, unasikia tu mtikisiko kichwani kama fundi anatoboa ukuta wa jirani. Kisha unashonwa, unakwenda nyumbani, unavimba, unakunywa uji. Kisha unasubiri miezi ili mfupa uishike ile skrubu. Kwangu ilikuwa kama mitano. Jino lenyewe linakuja mwisho kabisa.

Wengine pale walikuja na waume zao, na mama zao. Mimi nilikuwa nabeba mkoba nauweka kiti cha pembeni, kionekane kina mtu.

Siku moja simu ikalia kabatini nyumbani. Simu ya Bahati. Nilikuwa nimeendelea kuiweka chaji, msiniulize kwa nini. Haikuwa imelia tangu wiki ya msiba. 

Alikuwa msichana wa mapokezi wa kliniki. Simu yangu ilikuwa imezima, akapiga ile ya kwenye fomu.

"Naongea na mume wa mgonjwa?"

"Mgonjwa ni mimi."

"Oh, sawa nnyabo, sawa mama. Mume yuko wapi?"

Nikasema, "Ametoka."

Wakuu, nilidanganya. Ningeweza kusema ukweli, lakini kwa dakika ile moja nilikuwa mwanamke ambaye mume wake ametoka.

Alichotaka ni picha yangu ya zamani inayoonyesha meno, ili mtengenezaji wa meno aifuate. Nikapekua kila kitu. Picha ya harusi, nimefunga mdomo. Picha ya kitambulisho, nimefunga mdomo. Kwetu mbele ya kamera mtu ananyooka kama yuko mahakamani. Nikafungua simu ya Bahati nikitumaini. Nikakuta picha za zipu na vitambaa vya wateja, moja ya mguu wake mwenyewe, basi.

Nilipokwenda nikamwambia daktari sina. Akasema, "Hakuna shida, sisi tutafanya muzuri." Sikusema neno kuhusu mwanya. Nilidhani ataelewa. Hilo ndilo kosa langu, na chanzo chake ni ule ukimya wangu.

Siku ya meno ikafika. Akayafunga, akanipa kioo.

Yalikuwa meupe, yamenyooka, yamebanana. Mwanamke mzuri sana alikuwa ananitazama, na simjui.

Daktari na msaidizi wake wamesimama wanatabasamu, wanangoja. "Namna gani, Mama?"

Nikasema, "Mazuri." Nikashukuru. Nikatoka.

Sokoni jirani akapiga makofi. Wateja wakasema nimekuwa msichana. Nikafika nyumbani, nikakaa kitandani, nikachomoa njiti ya kiberiti. Haikupita. Nikasukuma, ikavunjika.

Pale ndipo nililia, wakuu. Makaburini sikulia vile.

Siku tatu sikurudi kliniki kwa aibu. Utamwambiaje mtu, umenipendezesha mno, nirudishie ubovu wangu? Lakini zilikuwa zimebaki wiki tatu tufanye kuondoa kilio. Kwetu, mwaka ukitimia, ndugu wanakusanyika, mjane anavua nguo nyeusi, anasimama peke yake na kusema neno la mwisho la kumuaga mumewe. Ni siku moja tu, haina marudio. Sikutaka Bahati aagwe na mdomo ambao hakuujua.

Siku ya nne nikatia kiberiti kwenye mkoba, nikaenda.

Daktari aliponisikia alicheka kwanza. "Mama! Watu nakuja hapa kuziba, wewe nataka kufungua?"

Nikamwambia yote. Njiti, chupa ya supu, mlango. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisema maneno mengi hivyo bila kuweka mkono mdomoni. Alipokuwa ananisikiliza alivua glovu, akaziweka mezani.

"Bambi," akasema, yaani maskini kwa Kiganda. Kisha: "Kwa nini hapana sema ile siku?"



Akasema meno haya hawezi kuyakwangua, yataharibika, lazima yatengenezwe upya. Afadhali yangu yamefungwa kwa skrubu, yanatoka bila kugusa mfupa. Lakini kama yatawahi siku yangu, hawezi kuahidi. Akachukua njiti moja, akaipima kwa kile chuma chake, akaandika. Njiti akaifunga kwenye karatasi pamoja na ile ya vipimo, akampa msaidizi. "Hii nakwenda kwa fundi. Hapana washa."

Yalifika siku moja kabla ya kuondoa kilio. Nilipewa kioo na sikuhitaji kuulizwa.

Kesho yake ndugu walijaa nyumbani Nateete. Nikavua nyeusi, nikavaa kitenge nilichonunuliwa na Bahati. Nikasimama. Mkono ukapanda mdomoni wenyewe kwa mazoea. Nikaushusha, nikaushika kwa mkono mwingine.

Nilisema maneno machache. Nilimshukuru. Nikasimulia utani wa mlango, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na watu wakacheka huku wanafuta macho.

Wifi Zawadi alikuwa ananitazama mdomoni tu. Nilipokaa akasema kwa sauti, "Haya meno mapya mbona yana nafasi? Daktari amekuibia, wifi, amekupunja nyama!"

Nyumba nzima ikacheka. Nami nikacheka, mdomo wazi. Nikamjibu, "Niliomba iachwe."



Baadaye nilikuwa nyuma nasuuza sahani. Akaja, akanishika kidevu kama mtoto, akaniinua uso kwenye mwanga. Akatazama mwanya. Hakuomba msamaha. Alichukua sahani zilizobaki akaanza kuzisuuza yeye, na machozi yake yakawa yanadondokea kwenye maji.

Wageni waliondoka. Nyumba ikarudi kuwa ile ile. Nikachukua kiberiti.

Imepita.

Lakini aliyekuwa anaipitisha hayupo, na sitawadanganya kwamba meno yaliziba hilo. Nilipata mdomo wangu. Wa kuongea naye jioni bado sina.

Nilichojifunza: mweleze daktari unachotaka kabla hajaanza, hata kama unaona ni ujinga. Uliza kama jino linafungwa kwa skrubu au gundi. Usiseme "mazuri" kwa sababu watu wamesimama wanangoja. Na pigeni picha mkicheka, nyinyi na watu wenu, leo hii.

Wenye swali kuhusu implant ulizeni, nitajibu ninachokijua. Waliowekewa zamani kuliko mimi, niambieni kama ule ubaridi ninaousikia kwenye fizi wakati wa mvua unaisha.

Na kama humu kuna mwingine anayeweka chaji simu ya mtu ambaye hatarudi, aandike hata neno moja tu. Nijue tuko wangapi.