Siku Nilipomuuliza Mzee Habari za Jangwani

Mnaotaka kunicheka nichekeni, sikatai, nusu ya kanisa letu la Mwanga wameliona gauni langu la ndani, na hakuna aliyenisukuma, nilijipeleka mwenyewe.

Jumapili hiyo tulikuwa tunangoja jibu la posa. Mwanangu Deo alikuwa amemposa Neema, binti wa mzee wa kanisa, na sisi wakimbizi wa Burundi, wapangaji wa chumba kimoja mtaa wa Kasingirima, hatukuwa na cha kujivunia zaidi ya adabu, kwa hiyo Deo akanisihi, "Mama, leo usiseme kitu, nakuomba." Nikaazima kitenge kwa jirani (kizuri, ila kimefuliwa mpaka kimechoka), nikaenda kuketi kwenye mafundisho ya Biblia.

Mwalimu alikuwa Baba Neema mwenyewe. Akasimulia jinsi wana wa Israeli walivyotembea jangwani miaka na miaka, umati mkubwa, vichanga, vikongwe, mifugo, nguo zisichakae wala miguu isivimbe, lakini watu wale (hapo akanitazama) hawakuwa na shukrani, kazi yao kunung'unika tu. Akauliza nani ana swali. Si ningenyamaza! Nikainuka.

"Samahani Mzee, nguo gani hiyo isiyochakaa? Sisi tulipokimbia vita tulikuwa kijiji kimoja tu, tulipofika mtoni wa mbele walikunywa maji, wa nyuma tukanywa tope. Hao kuni walipata wapi? Na choo je, umati wote huo?"

Watu wakacheka, nami kicheko kikanipa kichwa, nikataka nisogee mbele anisikie vizuri, nikaruka benchi badala ya kuzunguka, kumbe msumari umeshakamata kitenge. Kraa! Mpaka kiunoni.

Deo akaziba uso. Mama Neema akakimbia kunifunga kanga yake. Naye Mzee, badala ya kutazama pembeni kama mtu mwenye haya, akasema, "Mmeona matunda ya kunung'unika?"

Hasira zikanipanda, na hata leo hazijashuka zote.

"Mimi nilinung'unika, Mzee! Mdogo wake Deo alinifia mgongoni, tukamfukia kwa mikono, tukaendelea kutembea jioni ileile. Wewe ungeimba?"

Kicheko kikaisha. Jibu la posa halikuja, ukaja ujumbe kwamba niombe radhi mbele ya watu, la sivyo hakuna ndoa. Deo hakuninunia, ila aliacha kula, ikabidi niende. Nikaomba radhi kwa kumkatiza Mzee, nikaomba radhi kwa lile gauni, nikaketi.

"Na kunung'unika?" akauliza Mzee.

"Hilo tutaongea mimi na Mungu. Naye ana ya kunieleza."

Halafu Mama Neema, bila kumtazama mumewe, akasema, "Mama Deo, posa tumeipokea."

Nimeapa sisimami tena kuuliza swali kanisani. Mtu akitaka kujua kama safari ile ilikuwepo kweli, namwambia sijui, mimi sikuwepo. Ila kama walitembea, walinung'unika, na walikuwa na haki.