Bi Mize wa Pemba, karafuu za mama, na mdomo wangu

Wakuu, heshima kwenu. Wazee wa humu, shikamooni.

Hii siyo chai ya kutunga. Ingekuwa chai ningejipanga upande mzuri.

Nipo Maisaka, Babati, ila nimekulia Singe. Miaka ya themanini, ile ya foleni ya sabuni na sukari ya kugawiwa, kikundi chetu cha vijana wakulima kilipelekwa Pemba kujifunza kilimo cha karafuu.

Msiniulize karafuu ingeota wapi Singe. Ziara ni ziara.

Mama alikuwa anaumwa jino wiki ya tatu. Zahanati haina dawa, dukani karafuu hakuna. Akaniambia, "Paskali, niletee hata punje tano nibane hapa."

Pemba ni pazuri, nisiseme uongo. Msitu una popo wakubwa kama kuku, wachumaji wanaimba juu ya mikarafuu, na kila uwanja karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Nikajua jino la mama limepona.

Mimi nilifikia kwa bibi mjane, Bi Mize. Kila siku alinipa muhogo kwa samaki, yeye akisema ameshiba. Siku ya kuondoka nikamwomba karafuu kidogo.

Akaangalia barabarani.

Kosa langu linaanzia hapa. Kwetu Wambulu ukitembelea shamba la mtu unaomba mbegu, na akikunyima amekutukana. Nikamwona bibi mchoyo. Nikamwambia, "Bibi, kwetu mgeni hanyimwi."

"Hata kwetu," akasema.

Akafunga konzi moja kwenye kipande cha kanga. "Mpelekee mamako. Usimwoneshe mtu."

Sikujua kuwa karafuu zote zilitakiwa kuuzwa serikalini, na kutoka nazo kisiwani ni magendo. Na mnakumbuka magendo miaka ile, watu walikuwa wanapotea kwa sabuni tu.

Bandarini tukapekuliwa.

Wakuu, sikupigwa. Sikutishwa. Askari aliuliza mara moja, "Nani kakupa?" Nikataja jina, nikataja kijiji, nikaongezea na mnazi ulioanguka mbele ya nyumba ili wasipotee.

Wakamleta kabla meli haijaondoka. Akaniangalia kidogo, akawaambia, "Huyu mgeni, hajui kitu. Nimempa mwenyewe, wala hakuniomba."

Nikainamisha kichwa. Ule mdomo wa "mgeni hanyimwi" sikuuona tena.

Mimi nikaachiwa. Bi Mize akabaki kwenye benchi, kashika kile kipande cha kanga kitupu.

Nyumbani nikamkuta mama shavu limevimba. "Mwanangu, hukupata hata moja?"

Nikamjibu, "Mama, watu wa kule ni wachoyo."

Mama amekufa akiamini hivyo. Ukimtajia Pemba, alikuwa anasonya.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa. Ukiomba kitu ugenini, mwenyeji akaangalia barabarani, acha. Na mimi ni mwoga. Nimejiita majina mengine miaka yote hii, ila ni hilo.

Wapemba mliomo humu, mwenye kujua Bi Mize aliishia wapi aniambie. Matusi pia nayapokea, leteni tu.

Sijawahi kumuulizia mpaka leo, maana ningeulizwa mimi ni nani yake. Ningejibu mgeni wake?