Rangi ya Fedha Badala ya Chokaa

Afisa wa hataza aliniambia kwa simu kwamba ubunifu wangu ni jambo la wazi, fundi yeyote angeufikia. Nilikuwa kisiwani Kiwayu, nimesimama pale panaposhika mtandao.

"Kama ni wazi, Bi, mbona Amu nzima hakuna aliyeuona?"

Hataza ndiyo humzuia mwingine kuuza ulichobuni. Nimehama miji mingi nikitengeneza vya watu. Hiki nilikitaka kiwe changu.

Kwetu nikaha husomwa msikitini mbele ya wanaume, na wanawake huitazama kwa projekta uani kwa bibi harusi. Alasiri jua likipiga ua, bwana harusi huwa kivuli. Sisi mafundi wa projekta sote tulitupia picha ukuta wa chokaa, na ikififia twaongeza chokaa.

Siku moja mtaani Wiyoni, wageni hawajaingia, projekta iliteleza nikiijaribu. Picha ikaangukia tangi la maji lililopakwa rangi ya fedha. Nilikuwa nimevaa miwani ya manahodha, ile inayokata mng'ao wa bahari. Nikainamisha kichwa upande, picha ikapotea. Nikakiinua, ikarudi. Ukutani haikupotea hata kidogo.

"Bwana fundi," shangazi wa bibi harusi akasema, "ngoma haijapigwa, mbona washaanza kucheza?"

Nikarudia kuinamisha kichwa hadi nikaelewa. Mwanga wa projekta ile hutetema upande mmoja, wa jua hutetema kila upande. Chokaa huuvuruga ule wa kwanza ukafanana na wa pili. Rangi ya fedha huurudisha ulivyokuja. Nikapaka ubao rangi ya fedha, nikaufunika kwa plastiki inayochuja kama miwani ile. Nusu ya mwanga wa jua ilimezwa, picha ikapita. Harusi iliyofuata, bwana harusi alionekana hadi ndevu.

"Kichujio kilijulikana," afisa alisema. "Rangi ilijulikana. Wewe umeviunganisha tu."

"Mafundi wote walikuwa wakizidisha weupe, Bi. Ndivyo tulivyofundishana. Mimi nimekwenda kinyume. Jambo la wazi hufikiwa kwa kwenda kinyume?"

Akauliza, "Una ushahidi wa hayo?"

"Njoo uguse kuta. Chokaa imelala tabaka juu ya tabaka."

"Ukitaka, waweza kuliondoa ombi mwenyewe. Ni heshima kuliko kukataliwa."

"Siliondoi. Ukikataa, kataa kwa maandishi, na ueleze kwa nini watu wenye macho walishinda wakipaka chokaa."

Alisema ataliangalia upya. Nilimwambia aliangalie alasiri, uani, jua likiwaka.