Nilivyopoteza Majembe Ishirini

Niliwatuma wanawake ishirini na majembe yao kwa shamba ambalo halikuwa na zamu, halafu nikanyamaza. Hapo nimesema. Wacha nieleze, ingawa maelezo hayanisaidii.

Mama ni katibu wa mwethya yetu, kundi la kusaidiana kazi za shamba, hapa Kathonzweni. Kila Jumanne kundi huchimba mitaro ya kuzuia udongo usibebwe na mvua kwa shamba la mwanachama mmoja, naye huwapikia, zamu kwa zamu, na Jumatatu Mama huwatumia wote ujumbe wa kusema zamu ni ya nani. Wiki ile alienda Migwani kumwona nyanya aliyekuwa mgonjwa. Akaniachia simu ya kundi. Akasema zamu ni ya mjane wa karibu na mto, yule asiye na simu, na ameshamwambia kwa mdomo. Mvua iko karibu, nisicheze.

Mimi na kutocheza hatujawahi kuelewana.

Shuleni tulikuwa tumeanza kuandika programu. Mwalimu alituambia kuhusu mwanamke wa zamani huko Uingereza aliyeandika maagizo ya mashine ambayo hata haikuwa imeundwa. Nikasema huyo alikuwa anapikia wageni ambao hawajazaliwa. Darasa likacheka. Mwalimu akaendelea na wengine, waliomkuta nondo amekwama ndani ya mashine, wakambandika kwa daftari na kuandika kosa siku hiyo hiyo. Nikauliza kama nondo alipewa cheti.

Basi, kwa nini niandike ujumbe mmoja mara ishirini? Nikaunda programu ndogo: chukua namba, tuma, rudi uchukue nyingine. Kabla ya kazi yenyewe, nikaona niijaribu kwa jirani yetu ambaye huchelewa kila Jumanne akisingizia mbuzi. Pahali pa jina la mjane nikaweka jina lake. Nilitaka tu akimbizane na sufuria akidhani kesho mwethya iko kwake. Lakini nilisahau kuondoa orodha nzima ya namba za kundi. Programu haijui utani. Ilipitia namba zote ishirini, moja baada ya nyingine, nikiitazama.

Ningetuma ujumbe mwingine. Dakika moja tu. Lakini ningelazimika kuandika kwamba nimekosea, na mimi ndiye huwa nacheka wengine. Nikajiambia watajua ni mzaha. Nani atajua? Katibu akiandika, watu hubeba majembe.

Jumanne wakachimba kwa jirani, ambaye alimshukuru Mungu na hakuuliza swali. Nikitoka shule nilipita kwa mjane. Sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilikuwa bado mekoni, imefunikwa, na sahani zimepangwa juu ya mkeka.

"Mwanakwa," akaniuliza, "mama yako hajarudi? Labda watu wamepatwa na msiba."

Nikasema sijui. Hata mzaha mmoja haukunijia.

Alhamisi mvua ikanyesha. Ijumaa nusu ya shamba lake, pamoja na mbegu za mbaazi alizokuwa amepanda, ilikuwa imeingia mtoni.

Mama alirudi siku hiyo. Nilimwambia yote, nikamwonyesha hata mstari uliokosea. Aliuangalia kama barua ya mwalimu mkuu. Nikangoja kofi. Halikuja. Alisema hivi:

"Jembe liko nyuma ya jikoni. Yule mjane ameshapika mara moja, usikubali apike tena, beba chakula chako. Na ukifika kwake, usimchekeshe."