Maji Wapeni, Pointi Watafute Wenyewe

Nilikuwa kwa kinyozi, hina bado mbichi ndevuni, simu ilipoita. Aliyepiga hakunisalimu. Alisema tu, "Maalimu wa kikapu ametutoka," akakata, maana alikuwa na wengine wa kuwapigia. Innalillahi. Kinyozi alizima redio. Vijana wawili waliokuwa wakingoja zamu, ambao sidhani wamewahi kuushika mpira wa kikapu, walijua mara moja ni nani, kwa sababu hapa Garissa ukisema maalimu wa kikapu humaanishi mtu mwingine. Kisukari kilikuwa kimemla polepole, na muhula uliopita alikuwa akifundisha ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, kipenga shingoni, akiwafokea wasichana wake kwa sauti ambayo ugonjwa haukuigusa. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Nilikwenda makaburini na hina yangu ileile, na hakuna aliyenicheka.

Nisijipe ukubwa, sikuwa rafiki yake wa ndani. Tulijuana kama watu wa mji mmoja wanavyojuana, na mara nyingi tulijuana kwa kubishana. Alikuwa msomaji wa safu hii, na akinikuta sokoni alinikosoa hadharani, mbele ya akina mama wenzake wauza maziwa, bila haya wala haraka. "Wewe mzee unaandika maneno mengi ya michezo," aliniambia siku moja, "na uwanjani sijakuona hata kwa bahati mbaya." Akina mama walicheka mpaka wakashika viuno. Nikaona aibu, nikaenda kutazama mechi yake iliyofuata.

Msomaji aliyewahi kufika kwenye uwanja wake atakumbuka mambo mawili. La kwanza, benchi la wageni lilikuwa chini ya mwarobaini, na benchi la wenyeji lilikuwa juani, kwenye lile jua la Garissa ambalo halina mjomba. La pili, kabla ya mechi kuanza aliwaita wasichana wake na kuwaambia kwa sauti ya kutosha ili wageni nao wasikie: "Maji wapeni, kivuli wapeni, pointi watafute wenyewe." Wageni walicheka, wakidhani ni mzaha wa kuchangamsha watu. Mimi nilikuwapo siku iliyoyazaa maneno hayo, na siku hiyo hapakuwa na mtu wa kucheka.

Ilikuwa siku ileile niliyokwenda kwa kuona aibu. Wageni walikuwa wasichana wa shule moja ya Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi. Timu yao ilikuwa changa kabisa, mpira walikuwa nao mmoja, na walikuwa wametoka kwao baada ya swala ya Alfajiri, wakafika wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Pamoja na mwalimu wao alikuja mzee mmoja mwenye bakora, adeer wa nahodha, yaani baba yake mdogo. Huyo hakuja kutazama mchezo. Wazazi walikuwa wamegawanyika juu ya jambo hili la wasichana kukimbia mbele za watu, wakakubaliana aende mmoja akaone. Alimwambia maalimu mbele yetu, kwa Kiswahili, ili hata mkuu wa shule, ambaye alikuwa mtu wa bara asiyejua Kisomali, asikie: "Mimi nimetumwa macho. Hii watoto yangu wakichekwa hapa, mpira imekwisha. Nitawarudisha, na hawatatoka tena." Maalimu alimjibu, "Adeer, hawatachekwa. Nimekupa neno langu." Hilo neno ndilo lililomweka roho juu siku nzima.

Basi kosa la kwanza tulilifanya jikoni. Sisi watu wa huku mgeni akishuka garini tu, mikono inawasha mpaka ale. Wasichana wale waliwekewa wali na nyama ya mbuzi, kisha wakaletewa maziwa ya ngamia, na kukataa hawakuweza, wangekataa vipi? Walipoingia uwanjani walikuwa wazito hata kuinama kufunga kamba za viatu ni kazi. Wetu walikuwa wamekunywa chai tupu. Mpira ulipoanza, wetu waliupokonya, wakafunga. Wakaupokonya tena, wakafunga. Wavulana wa shule jirani walikuwa wamepanda ukuta, na kila kikapu wakahesabu kwa sauti moja, wakipiga makofi. Mkuu wa shule alisimama akasema wakifika mia atachinja ngamia. Loo! Baada ya hapo ukuta mzima ukawa unaimba "Mia! Mia!" kana kwamba ngamia ameshafungwa pale langoni.

Adeer alikuwa amekalishwa karibu nami, kwenye viti vya wageni wa heshima. Sheria za mchezo hakuzijua, kwa hiyo kila baada ya kidogo aliniuliza, "Sasa ngapi?" Nikamwambia. Alikuwa anahamisha tu bakora kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kufikia mapumziko ilikuwa arobaini na sita kwa mbili, na aliponiuliza sasa ngapi, nilimwambia nikitazama chini. Nilimtazama maalimu kule juani. Alikuwa amemwona mzee, nami niliona amemwona.

Aliwatoa wachezaji wake wakali wote, akaingiza wa akiba, na nilimsikia akiwaambia kwa Kisomali kwamba hawa ni marti, ni wageni wetu, wapisheni njia. Ndivyo mtu wa huku anavyofikiri akibanwa. Mgeni anaaibika nyumbani mwako, basi unatafuta cha kumpa. Robo ya tatu ilipoanza, wasichana wa Ifo walipata kikapu. Umati ukashangilia kwa nguvu kuliko ulivyoshangilia vyote vya mwanzo, maana watu walishaanza kuona vibaya. Adeer akanigeukia, "Hiyo yetu?" Nikamwambia, "Yenu, adeer." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Wakapata cha pili. Wakapata cha tatu. Mimi moyo wangu ulitulia, nikajisemea, alhamdulillah, maalimu ameiokoa siku.

Kisha nahodha wao akasimama. Alikuwa chini kabisa ya pete, mpira mkononi, na msichana wetu aliyepaswa kumkaba alikuwa amejiweka kando, mikono nyuma, anamtazama kama anayempisha mkubwa mlangoni. Nahodha alimtazama, akaitazama pete, hakurusha. Refa akapuliza kipenga kwamba amekaa pale kupita kiasi. Hakumsikia. Alitoka na mpira, akavuka uwanja mzima hadi kwenye benchi letu juani, akasimama mbele ya maalimu. Alisema kwa Kisomali, nami nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Maalimu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu, abaayo, dada yangu."

"Basi mbona mnatugawia? Kambini tunagawiwa mchele. Tunagawiwa mafuta, tunagawiwa maji, hata turubai nililozaliwa chini yake tuligawiwa. Leo tumesafiri tangu alfajiri kuja mahali tusipogawiwa kitu. Na nyinyi mnatugawia pointi?"

Adeer alikuwa ameshasimama, na kwa kuwa maneno yalikuwa ya lugha yake, hayakumpita hata moja. Aliingia uwanjani na bakora yake, akawaambia wasichana wachukue mifuko. Mkuu wa shule, masikini, kwa kutaka kutengeneza mambo, akapiga kelele, "Leteni soda! Wageni waletewe soda!" Nahodha alimgeukia akamtazama, na yule mtu mzima akaketi mwenyewe. Wasichana wawili walishaanza kulia huku wakikunja fulana zao, na kila mtu pale alijua kwamba gari lile likiondoka, ndiyo basi.

Maalimu alitembea hadi katikati ya uwanja. Mwanamke wa makamo, jasho limelowesha mtandio, mbele ya wanafunzi wake, mbele ya mkubwa wake wa kazi, akamwambia mzee: "Adeer, nilikupa neno kwamba watoto hawatachekwa. Nimewavunjia heshima kwa njia nyingine. Nisamehe. Niachie robo ya mwisho tucheze nao kwa haki, kisha uamue utakavyo."

"Mtawafunga," mzee alisema.

"Tutawafunga sana."

"Wataumia."

"Wataumia kwa mchezo, si kwa huruma yangu."

Refa akawa anatazama saa yake na kuiacha. Hatimaye mzee akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimwuliza yule binti, mbele ya wanaume wote wale, anataka nini. Binti akajibu neno moja: tucheze. Adeer akarudi kitini kwake, akaweka bakora magotini. Maalimu naye akaugeukia ukuta. "Anayetaka kuhesabu ahesabu moyoni. Nikisikia sauti ya mtu, mechi imekwisha na washindi ni wageni." Akamgeukia mkuu wa shule: "Mia siitafuti, na mia siikimbii." Akawarudisha uwanjani wakali wake wote.

Robo ile ilikuwa ngumu kutazama, nakiri. Walifungwa, wakafungwa tena. Walianguka kwenye saruji ile yenye nyufa, wakainuka wamechubuka viganja, wakakimbia nyuma kukaba. Hakuna aliyehesabu. Ulisikia mpira ukidunda, viatu vikisugua saruji, na maalimu akiwafokea walio wake kila mmoja alipolegea hata kidogo. Adeer hakuniuliza tena sasa ngapi. Karibu na mwisho, nahodha wa Ifo alimpokonya mpira msichana wetu tuliyekuwa tukijivunia kuliko wote, akakimbia peke yake kuelekea pete, na mrefu wetu akamfukuza. Aliona hamfikii. Akamvuta mkono, kosa la wazi kabisa, mchana kweupe. Refa akampa nahodha mitupo miwili. Wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Wa pili ukaingia.

Mzee aliniinamia. "Hiyo wamempa?"

"Hapana, adeer. Hiyo amechukua."

Akashusha pumzi, akaiegemeza bakora kitini. Kipenga cha mwisho kilipolia, mia ilikuwa haijafika ingawa ilikuwa karibu, na ngamia wa mkuu wa shule akanusurika. Ubaoni wageni walikuwa na tisa. Nahodha alikwenda kwenye meza ya waamuzi akataka zipunguzwe, refa akamwambia sheria haimruhusu. "Sawa," akasema, "ziandikeni tisa. Sisi tunajua tuna tatu." Kisha akaenda kunywa maji, na soda pia akainywa, sasa ilikuwa haina ubaya. Adeer alipokuwa anapanda gari alimwuliza maalimu kitu kimoja tu: "Mechi ingine lini?"

Nimeyawazia haya tangu kwa kinyozi. Kila mwaka unasikia ubishi uleule kwamba timu iliyozidi sana ilegeze au iendelee, na walimu wanagombana hadi povu. Maalimu hakuwa mtu wa kupita kiasi. Baada ya siku ile, akizidi sana, bado aliwatoa wakali wake, maana wa akiba nao wana haki ya kucheza, lakini wa akiba waliamriwa wakabe mpaka mwisho. Na wa kushangilia aliwafundisha kushangilia kikapu, si pengo la pointi. Mimi naona alichokigundua ni kikubwa kuliko uwanja. Sisi wa Kaskazini Mashariki tumedharauliwa kwa njia mbili maisha yetu yote. Kuna wanaotuhesabia kwa kelele jinsi tulivyoachwa nyuma, na kuna wanaosema huyu anatoka kule, mpunguzieni kidogo. Wa kwanza tunawajua, tunawajibu. Wa pili tunawashukuru, kisha usiku hatujui kwa nini tunakasirika. Wala tusijifanye malaika, kwa sababu sisi wenyewe, tulipopata walio chini yetu siku ile, tulifanya zote mbili katika mchana mmoja.

Kwenye msiba, nikiwa nimeketi mkekani na wanaume wenzangu, mzee mmoja aliletwa kwa kushikwa mkono. Bakora ilikuwa ileile. Alikuwa ametoka Ifo na yule binti wa ndugu yake, ambaye sasa ni mwalimu huko kambini na ana timu yake mwenyewe, naye alikuwa ameshaingia ndani kwa wanawake. Mzee aliniangalia kwa muda, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. "Wewe ndiye ulikuwa unaniambia ngapi," alisema. Nikamwambia ni mimi. Alipokea kikombe cha chai, akakishika bila kunywa.

"Tangu tufike hii nchi, watu wengi wametusaidia. Mungu awalipe," alisema. "Hiyo mama alitufunga. Alitufunga kama watu." Akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Kwa miaka mingi nimetumia safu hii kuwahimiza watu wasaidiane, na sitaacha. Ila kuanzia sasa, kabla sijamnyooshea mkono mtu niliyemzidi, nitamwuliza kwanza kama anataka maji, au anataka nimkabe.